Kwa Hisani ya Nani? Maneno kwa Wanaotathmini Bidhaa Mtandaoni

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu watathmini, na ninyi wageni wetu mliotoka upande wa makampuni, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie tamko la malipo, yaani yale maneno machache ambayo mtathmini humwambia mtazamaji kwamba bidhaa anayoizungumzia alipewa bure, au kwamba amelipwa ili aizungumzie. Wengi wetu tumezoea kuyachukulia maneno hayo kama ushuru: yanatolewa haraka, kwa shingo upande, kisha mtu anaendelea na shughuli zake. Mimi nayaona kwa namna nyingine. Tamko lipo kwa sababu mtathmini aliyepokea kitu hawezi kujipima mwenyewe ni kwa kiasi gani amepindishwa na alichokipokea, na kwa kuwa yeye hawezi kujipima, anayetaka kununua ndiye mwenye haki ya kukabidhiwa mizani.

Nitaanza na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja inayotengeneza vyombo vya umeme vya jikoni, ambayo sitaitaja kwa kuwa ninachokieleza ni kosa langu mimi, iliniletea blenda. Barua iliyokuwa ndani ya boksi ilisema kwamba hiyo ni zawadi, kwamba hakuna masharti yoyote, na kwamba wangefurahi kuyasikia maoni yangu ya kweli. Niliitumia kwa wiki mbili. Nina desturi ya kuandika kila ninachokiona ninapojaribu kifaa, na daftari langu la siku ya nne lina mstari huu: "Dakika ya pili, harufu ya kuungua, kitako kimepata moto." Siku ya tisa niliandika: "Harufu ileile." Nilipokaa kuandaa maneno ya video, mistari ile miwili ikageuka kuwa sentensi moja laini isemayo kwamba blenda ina nguvu za kutosha, ingawa ni vyema kuipumzisha kila baada ya muda mfupi.

Siku ile nisingekubali kuitwa mwongo. Kila neno nililolitamka lingeweza kutetewa, maana ni kweli ilikuwa na nguvu na ni kweli ilihitaji kupumzishwa. Hakuna mtu wa kampuni aliyenipigia simu wala kunitaka nifiche lolote. Niliyeifuta harufu ile ni mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, huku nikijiona mtu mwenye adabu asiyetaka kumtia aibu aliyemletea zawadi. Tamko nililitoa, lakini nililitoa mwishoni kabisa, baada ya muziki wa kufungia kuanza, wakati ambapo takwimu zangu mwenyewe zilionyesha kwamba watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka.

Miezi miwili baadaye mtazamaji mmoja aliniandikia swali fupi: "Na yako ilikuwa inanuka hivi?" Nilikaa na swali hilo siku mbili kabla ya kulijibu. Hakuuliza kama nililipwa, wala hakunitukana. Alitaka kufahamu kama nilijua, na daftari lilikuwa hapo mezani likionyesha kwamba nilijua tangu siku ya nne.

Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa kawaida tunawatupia methali hiyo watu wanaojipendelea kwa makusudi, na hapo ndipo tunapojidanganya, kwa sababu kila mmoja wetu humu anajua moyoni kwamba yeye si mjanja wa namna hiyo, basi anaona methali haimhusu. Lakini mwamba ngoma huenda hata hahisi kwamba anavuta. Anaiona ngozi inakaza vizuri, na upande aliokaa yeye ndio upande anaouona. Zawadi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Binadamu akipewa kitu hutaka kurudisha fadhila. Ni tabia njema, ndiyo inayoshikilia ujirani na udugu, na haizimiki eti kwa sababu barua imeandika kwamba hakuna masharti. Kampuni inayotuma blenda mia moja kwa watathmini mia moja haihitaji kumpa yeyote sharti.

Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore, walichapisha majaribio ambayo ningependa kila mtu katika kazi yetu ayafahamu. Walichukua mtungi wa kioo uliojaa sarafu. Baadhi ya washiriki walitakiwa wakadirie thamani ya sarafu hizo, ila waliuona mtungi kwa mbali na kwa muda mfupi. Wengine walikuwa washauri: wao waliruhusiwa kuutazama kwa karibu, kisha wakawaandikia wakadiriaji ushauri. Baadhi ya washauri walilipwa iwapo mkadiriaji angekaribia thamani halisi, na wengine walilipwa zaidi iwapo mkadiriaji angetaja kiasi kikubwa. Kama mnavyotarajia, kundi hili la pili lilitoa ushauri uliopandishwa juu. Jambo la kushangaza lilitokea pale wakadiriaji walipoelezwa waziwazi kwamba mshauri wao ananufaika wao wakikadiria juu: washauri waliojua kwamba siri yao imeshatajwa waliupandisha ushauri hata zaidi ya wale ambao siri yao haikutajwa. Wakadiriaji nao walipunguza kidogo, lakini hawakupunguza vya kutosha, wakaishia kukosea zaidi.

Nilipoyasoma matokeo hayo kwa mara ya kwanza nilikumbuka tamko langu la mwisho wa video, na jinsi nilivyojisikia mwepesi baada ya kulirekodi. Nilikuwa nimeshasema. Mtazamaji alikuwa ameshaonywa. Kilichobaki kilikuwa juu yake. Watafiti wale wanaeleza kwamba mtu akishatangaza maslahi yake huweza kujiona amepata ruhusa, kana kwamba deni la ukweli limelipwa kwa sentensi moja, na mimi nathibitisha kwamba ndivyo inavyokuwa ndani ya kifua.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa ni hivyo, basi tamko halina faida, tuliache. Hapana. Bila tamko, mtazamaji hana hata sababu ya kutia shaka, na kutia shaka pale panapostahili ni haki yake. Ninachojifunza kutokana na mtungi ule ni kwamba tamko likitolewa ili kumkinga mtathmini, linamharibu mtathmini na halimsaidii mnunuzi. Linatakiwa lisemwe kwa namna ya kumsaidia anayeamua, kwa maneno anayoyaelewa, mahali anapotazama, na kabla hajaamua. Halafu baada ya kulitoa, mtathmini ajibane zaidi kuliko angejibana kama angenunua kifaa kwa fedha zake.

Habari ya mahali ina historia yake. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa miongozo yake kuhusu ushuhuda katika matangazo mwaka 1980, kabla ya intaneti kuingia majumbani, na tangu hapo msingi wake ni kwamba uhusiano wowote kati ya anayesifu na anayeuza, ambao msikilizaji asingeutarajia na ambao ungebadilisha uzito anaoupa ushuhuda huo, lazima utajwe waziwazi. Mwaka 2009 miongozo ilirekebishwa ili iwaguse wazi wanaoandika mtandaoni, na mwaka 2023 ikarekebishwa tena. Fedha si sharti. Kifaa cha bure kinatosha kuwa uhusiano, na vivyo hivyo undugu au ajira.

Mwaka 2016 tume hiyo ilifikia makubaliano na kampuni ya michezo ya video ya Warner Bros. kuhusu kampeni ya mchezo mmoja uliotoka mwaka 2014. Washawishi wa YouTube, yaani watu wenye wafuasi wengi mtandaoni, walikuwa wamelipwa, kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola, ili watengeneze video za kuusifu mchezo huo, na walikatazwa kuonyesha hitilafu zozote ambazo wangekutana nazo wakicheza. Kuhusu tamko, waliambiwa waliweke kwenye kisanduku cha maelezo chini ya video, na mara nyingi likaangukia chini ya ule mstari ambao mtazamaji haoni kinachofuata mpaka abofye kupanua maelezo. Naomba mlitazame jambo hilo kwa utulivu. Maneno yalikuwepo. Mwanasheria angeweza kuyanyooshea kidole. Lakini aliyeitazama video kwenye skrini ndogo ya simu, au aliyeikuta imepachikwa katika ukurasa mwingine, hakuyaona, na waliopanga kampeni walikuwa na kila sababu ya kulijua hilo.

Mwaka huohuo lilimalizwa pia shauri la duka la mavazi la Lord & Taylor. Mwezi Machi mwaka 2015 duka hilo liliwapa washawishi 50 wa Instagram gauni moja lilelile, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja ili wapige picha wakiwa wamelivaa, na mikataba ikaeleza alama zipi waziweke kwenye picha, bila kuwataka waseme kwamba wamelipwa. Duka lilizipitia picha na maneno kabla ya kuchapishwa. Gauni lilikwisha dukani. Kinachoniuma katika kisa hicho ni wale watu waliokutana na gauni lilelile mara tano, mara kumi, katika siku mbili, wakadhani kwamba wanaona mapenzi ya watu wengi waliolichagua kila mmoja kwa njia yake, kumbe wote walikuwa wamepewa na mkono mmoja.

Basi mahali pa tamko panajulikana. Kwenye video, liwe ndani ya video yenyewe, mwanzoni, litamkwe na liandikwe. Kwenye picha, liwe juu ya picha au katika maneno ya kwanza yanayoonekana bila kubofya. Kwenye matangazo ya moja kwa moja lirudiwe mara kwa mara, kwa kuwa watu huingia na kutoka. Haya yote yamo katika mwongozo mfupi uliotolewa na tume hiyo mwezi Novemba 2019 kwa ajili ya washawishi, na hayana ugumu wowote. Ugumu upo kwenye maneno.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lugha yetu ina adabu nyingi, na adabu hiyo tumeigeuza maficho. Chukueni maneno "kwa hisani ya". Tunayaandika chini ya picha na mwanzoni mwa video kana kwamba ndiyo tamko lenyewe. Hisani ni wema unaofanyiwa mtu bila kudai malipo, ndiyo maana tunaambiwa hisani haiozi. Anayelipa fedha ili bidhaa yake isifiwe hajamfanyia mtu hisani. Amenunua huduma, kama wanavyonunua watu wote, na hakuna ubaya katika kununua. Ubaya ni kuuita ununuzi huo wema. "Kwa kushirikiana na" nayo haina nafuu, kwa kuwa ushirikiano ni neno la watu waliotia nguvu zao katika kazi moja, na mtazamaji hawezi kujua kutokana nalo nani amempa nani nini. "Balozi wa" lina heshima kubwa na halisemi lolote kuhusu malipo. Na ile shukrani ya "asanteni sana ndugu zetu wa kampuni fulani" ndiyo inayopotosha kuliko yote, kwa sababu inamwonyesha mtazamaji mtu mwenye shukrani mahali ambapo alipaswa kuonyeshwa mtu mwenye mkataba. Mwongozo niliotangulia kuutaja unaonya hasa kuhusu maneno ya namna hii, shukrani tupu na ubalozi mtupu, pamoja na vifupisho vinavyoeleweka na wenye kazi peke yao. Unasema pia kwamba tamko liwe katika lugha ileile ya sifa zenyewe. Ni mara ngapi tumemsifia mtu bidhaa kwa Kiswahili fasaha, kwa dakika kumi, kisha tamko likawa neno moja la Kiingereza pembeni mwa skrini?

Nimejaribu kuyatamka maneno ya wazi mbele ya kioo, na nakiri kwamba ulimi ulikuwa mzito mwanzoni. "Kampuni imenilipa ili nitengeneze video hii." "Kifaa hiki nilipewa bure na kitabaki kwangu." "Kampuni iliiona video hii kabla yenu." Uzito ule wa ulimi ulinifundisha kitu. Maneno yanayotoka kirahisi mno ndiyo yaliyokwisha kupoteza makali yake.

Sentensi ile ya tatu ndiyo ambayo siisikii popote. Tunazungumza sana juu ya fedha na kidogo mno juu ya kibali. Mikataba mingi inaipa kampuni nafasi ya kupitia rasimu kabla haijachapishwa, na wageni wetu mliopo hapa mnajua kwamba kinachorudi mara nyingi huwa ni mapendekezo ya upole: punguza kidogo hapa, sehemu ile ya betri ni ndefu. Mtazamaji anayejua kwamba mtathmini amelipwa, lakini hajui kwamba mlipaji alishika kalamu, bado ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Ningependa kazi yetu ikatae kibali hicho kabisa isipokuwa katika kusahihisha takwimu, na pale mtu anaposhindwa kukikataa, akitaje.

Kuna malipo mengine ambayo hayafanani na malipo, nayo ni kamisheni ya viungo. Mtazamaji anabofya kiungo, ananunua, na muuzaji anamgawia mtathmini asilimia fulani. Amazon ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1996, na hadi leo inawataka washirika wake waeleze kwamba wanapata kipato kutokana na manunuzi yanayopitia kwao. Tunajitetea kwa kusema kwamba mnunuzi haongezewi gharama yoyote, na utetezi huo ni kweli, ila unakwepa swali. Mwenye kiungo hulipwa mtu anaponunua na halipwi mtu anapoahirisha, na kwa hiyo ushauri ambao mara nyingi ndio bora kuliko wote, yaani "cha zamani ulicho nacho kinakutosha", ndio ushauri pekee usio na kamisheni. Nilihesabu tathmini zangu za mwaka mmoja zilizokuwa na viungo. Hakuna hata moja iliyomshauri mtu asinunue chochote.

Kuhusu maoni ya kughushi nitapita haraka, kwa kuwa hapo hakuna mjadala wa kimaadili, kuna udanganyifu tu. Mwaka 2022 kampuni ya mavazi ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya kutuhumiwa kuzuia maoni ya wateja yenye nyota pungufu ya nne yasionekane kwenye tovuti yake. Mwezi Agosti 2024 tume ya Marekani ilipitisha kanuni inayokataza kununua na kuuza maoni ya uongo, nayo ikaanza kutumika mwezi Oktoba mwaka huo. Ufaransa ina sheria ya tarehe 9 Juni 2023 inayowahusu washawishi moja kwa moja, yenye adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000, na Uingereza nayo imepiga marufuku maoni ya kughushi kuanzia mwezi Aprili 2025. Sheria zinakaza, na ninafurahi. Hata hivyo hakuna sheria kati ya hizo ambayo ingeigusa sentensi yangu ya kuipumzisha blenda. Sentensi ile ingepita katika kila mahakama.

Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kuwangoja watunga sheria. Ipo njia kamili, na imekuwepo tangu mwaka 1936, pale lilipoanzishwa nchini Marekani shirika linalochapisha Consumer Reports, jarida la kupima bidhaa: wananunua wenyewe bidhaa wanazozipima, wanazinunua kama mteja wa kawaida bila kujitambulisha, na hawapokei matangazo ya biashara. Naliheshimu shirika hilo sana. Najua pia kwamba wengi waliomo humu hawawezi kununua kila kifaa, na sitaki kumwambia kijana anayeanza kwamba uaminifu ni wa wenye mitaji. Kifaa cha bure kinaweza kupimwa kwa haki. Ila aliyekipokea bure anahitaji kitu cha kumrudisha kwenye mstari, na kwangu mimi kitu hicho ni daftari.

Siku hizi, kabla sijachapisha, naweka daftari upande mmoja na maneno ya video upande wa pili, kisha natafuta kila kasoro niliyoiandika wakati wa kujaribu. Ikiwa haimo, nairudisha. Ikiwa imo lakini imelainishwa, nairudisha kwa maneno yaleyale niliyoyaandika siku ile, kwa sababu siku ile nilikuwa naandika kwa ajili yangu mwenyewe na sikuwa na wa kumfurahisha. Nimepoteza wadhamini wawili tangu nianze utaratibu huo. Mmoja aliniambia kwa heshima kwamba hawana ugomvi nami, ila bajeti yao imeelekezwa kwingine, nami nilimwelewa.

Video ya blenda sikuifuta. Niliongeza maelezo mwanzoni, yanayotamkwa kwa sauti yangu, kwamba kifaa kile nilipewa bure, kwamba kilitoa harufu ya kuungua katika dakika ya pili, na kwamba nililijua hilo nikalinyamazia. Mtazamaji aliyeniuliza nilimjibu kwa kumtumia picha ya ukurasa wa siku ya nne. Hakunijibu tena, na hakuwa na wajibu wa kunijibu.

Ndugu mwenyekiti, mezani kwako nimeacha karatasi yenye sentensi saba za tamko kwa Kiswahili cha kawaida: ya kifaa cha bure kinachobaki kwa mtathmini, ya kifaa cha kuazimwa, ya malipo ya fedha, ya kamisheni, ya safari iliyogharamiwa, ya undugu au ajira, na ya rasimu iliyopitiwa na kampuni. Hakuna hata moja yenye neno hisani. Naomba wajumbe wazisome kwa sauti, wazirekebishe pale zinapokwaruza ulimi, na kabla hatujaachana jioni ya leo tukubaliane ni zipi tutaanza kuzitumia katika video zetu za wiki ijayo.